Kamba ya Hatua Kumi na Tisa

Wiki iliyopita nilirudisha funguo za kabati la ofisi, na kijana aliyezipokea akaniuliza kama nina ushauri wowote wa kumwachia. Nilikuwa na haraka ya kwenda kunywa chai ya kuagwa, nikamwambia ajihadhari na kiti cha pembeni, mguu wake mmoja ni mfupi. Nilipofika nyumbani Rongo nikaona haya. Miaka ishirini na saba ya kutathmini watoto wa Migori na Homa Bay, halafu ushauri wangu ni wa kiti! Basi haya nayaandika kwa ajili yake na wenzake wawili walioajiriwa juzi. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache na vilichelewa. Nitaeleza nilivyofundishwa kazi, na pia nilivyoiharibu siku moja kiasi cha kunikosesha usingizi.

Kabla ya kazi hiyo nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Nilisomea elimu maalumu wakati wa likizo, jambo lililomfanya mwalimu mkuu wangu aanze kuniona mjuaji. Barua ya uhamisho ilipofika aliniletea mwenyewe darasani, mbio mbio, mtu ambaye hata mvua haijawahi kumkimbiza. Ofisi ya tathmini ilikuwa stoo ya zamani katika uwanja wa shule ya msingi. Ilikuwa na dirisha moja na meza mbili, na bado ilinuka mahindi. Kwenye meza moja palikuwa na chupa ya uji, na nyuma ya chupa hiyo aliketi Mwalimu Boke.

Mwalimu Boke alikuwa Mkuria wa karibu na mpaka wa Tanzania, mama mfupi mnene, mwenye viatu vya akala, vile vinavyokatwa kwenye tairi kuukuu, na sauti ya kusikika hadi barabarani. Dholuo hakukijua zaidi ya salamu. Kazi yake yote kati yetu Wajaluo aliifanya kwa Kiswahili, na Kiswahili kilipoishia alitumia mikono. Mimi, kwa ujuaji wangu, nilidhani hilo ni pengo nililoletwa nizibe. Ilinichukua mwaka mzima kugundua kwamba nilipokuwa nikisikiliza hadithi za wazazi, yeye alikuwa akimtazama mtoto.

Vifaa vyetu vilijaa mfuko mmoja wa gunia. Kulikuwa na kengele ndogo, kopo lenye maharagwe, vibao vya rangi, tochi, na kitabu cha picha kilichotoka ng'ambo. Ukurasa wa kwanza wa kitabu hicho ulikuwa na mtoto mwenye glavu akitengeneza mtu wa theluji. Siku yangu ya kwanza nilimuuliza mtoto wa Awendo, "Hiki ni nini?" Akasema, "Mzimu." Nikaandika kwamba hatambui picha. Mwalimu Boke alisoma nilichoandika, akanitazama, akakichukua kile kitabu na kukiweka chini ya mguu wa kabati lililokuwa likiyumba. Kiko hapo mpaka leo, msikitoe.

"Kengele usiiamini sana, Okeyo," aliniambia siku hiyo hiyo. "Kuna watoto, unawapigia kengele nyuma ya sikio, hawageuki. Wewe unaandika kiziwi, anapelekwa shule ya viziwi, anakaa huko miaka. Kumbe masikio ni mazima."

"Sasa nitajuaje?"

Akatoa pakiti ya biskuti mfukoni, akaifinya kidogo tu, ile sauti ya karatasi. Nje ya mlango mtoto aliyeletwa kwetu kama kiziwi akageuka na kuja mbio. Mama yake alikaa chini sakafuni akalia. Mwalimu Boke akampa mtoto biskuti mbili, mama moja, na nyingine akala mwenyewe.

Wakati ule neno usonji halikuwa midomoni mwa watu. Wazazi walituletea majina mengine. Huyu ni bubu. Huyu ana kiburi. Huyu ana chira, yaani mwiko ulivunjwa nyumbani na sasa mtoto anaulipia. Mwalimu Boke hakubishana na chira. Alisema ukianza kubishana na nyanya ya mtoto, siku imekwisha na mtoto hajapimwa. Alimaliza kazi kwanza, halafu akawaketisha wote, akawaeleza polepole: ubongo wa mtoto huyu umejengwa kwa mpango wake, tangu tumboni. Hakuna aliyemroga na hakuna aliyemlea vibaya. Sauti unayoiona ndogo, kwake inaweza kuwa kubwa mno. Mambo yakibadilika ghafla anaogopa. Wengine wataongea, wengine hawataongea, na asiyeongea haimaanishi hana la kusema. Dawa ya kumgeuza awe mtoto mwingine hakuna, kwa hiyo msiuze ng'ombe kuitafuta.

Fomu nayo ilikuwa na mitego yake. Swali moja liliuliza kama mtoto anamtazama mtu mzima machoni. Juma langu la kwanza niliandika "hapana" kwa watoto sita mfululizo, nikaanza kuogopa kwamba kata nzima ina usonji.

"Okeyo," Mwalimu Boke akaniuliza, "wewe ulipokuwa mdogo, babako akikusemesha, ulimkodolea macho?"

"Ningethubutu? Ningepata kofi."

"Basi lete fomu nyingine na wewe tukujaze."

Kisha akanifundisha swali la kuuliza badala yake. Ndege ikipita juu, mtoto anakuonyesha? Akiona mbwa wa ajabu, anakuvuta na wewe ukaone? Na usiulize kama anaongea, uliza akitaka maji anafanyaje. Maswali hayo nimeyatumia maisha yangu yote. Hayana kurasa wala leseni.

Nilimwona akifanya mambo ambayo hayako katika kitabu chochote. Kule Ndhiwa kulikuwa na msichana wa darasa la pili aliyepiga mayowe kila kengele ya shule ilipolia, ile rimu ya gari inayopigwa kwa chuma. Walimu walikuwa wameshachoka, wanataka aondolewe. Mwalimu Boke alikaa shuleni pale siku mbili, anakunywa uji wake tu. Siku ya tatu akamkabidhi yule msichana chuma cha kengele. Kwa kuwa yeye ndiye aliyepiga, alijua sauti inakuja lini. Mayowe yakaisha. Mwalimu mkuu alilalamika mwaka mmoja baadaye kwamba sasa vipindi havichelewi hata dakika moja na walimu hawapumui.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja, na ndiyo niliyoivunja. Ukifika kwa mtoto, salimia, kataa kiti, kisha utembee kila mahali mtoto anapotembea. Anapolala, anapojisaidia, anapokimbilia. Tembea kwanza, kalamu baadaye. "Nyumba itakueleza mambo ambayo mama ameyazoea mpaka hayasemi," alisema.

Mwaka wangu wa nne Mwalimu Boke alifiwa na dada yake, akaenda kwao Kuria kwa majuma mawili. Nikaachiwa ofisi. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na madaraka hayakunisaidia. Siku ya tatu nikaletewa habari kwamba huko Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu, kuna mtoto wa kike wa miaka saba asiyeongea. Nikakodi pikipiki.

Jua lilikuwa kali. Mwenye pikipiki alikataa kuzima injini vizuri, alitaka arudi kabla ya abiria wa sokoni kumwisha. Mashine za kusaga mawe zilikuwa zikinguruma pande zote, na kila nyumba ilikuwa na rundo la mchanga na dimbwi la kuuoshea. Nikafika kwa mama mmoja aitwaye Consolata, ambaye majirani walimwita Mama Adhiambo. Alikuwa ameinama juu ya karai, anazungusha mchanga na maji, mikono imekuwa rangi ya udongo. Na hapo mlangoni, jameni, nikamwona Adhiambo. Amefungwa kamba mguuni. Kamba imefungwa kwenye nguzo ya nyumba.

Damu ilinipanda kichwani. Kuna mbuzi mle kijijini waliokuwa wakitembea huru.

"Mama, hii ni nini?" nikafoka. Majirani wakainua vichwa.

"Mwalimu, karibu kwanza. Hii mtoto yangu, hebu nikuonyeshe..."

"Nimeona ya kutosha!"

"Hapana, ngoja, nikuonyeshe tu vile mimi..."

"Wewe ni mama au ni mnyama? Hata mnyama hamfungi mwanawe!"

Akanyanyuka, akapangusa mikono kwenye sketi, akaenda kusimama kati yangu na mtoto. Adhiambo wakati huo alikuwa akimimina mchanga kutoka kiganja kimoja hadi kingine, anacheka peke yake, hana habari nasi. Nilijaza fomu nikiwa nimesimama, dakika tano. Dimbwi nililiona. Nilikanyaga tope lake nikalaani viatu vyangu. Kisha nikapanda pikipiki moja kwa moja hadi kwa chifu, nikaripoti mateso ya mtoto. Nilirudi mjini nikijiona shujaa, na nawaambia ukweli, nilikula samaki mzima jioni hiyo.

Kesho yake askari wa chifu alikwenda na barua ya wito. Consolata aliambiwa afike barazani, na majirani wakamwambia kwamba atanyang'anywa mtoto. Alfajiri iliyofuata nyumba ilikuwa tupu. Nikaandika kwenye faili: mzazi ametoroka.

Mwalimu Boke aliporudi kutoka matangani alisoma faili hilo akiwa bado hajavua kitambaa cha msiba. Nilisubiri sifa. Akauliza, "Hiyo kamba ilikuwa na urefu gani?"

"Sijui, Mwalimu. Kamba ni kamba."

"Ilifungwa mguu gani? Mguu ulikuwa na kidonda?"

Sikujua. Akafunga faili, akachukua chupa yake ya uji, akasema, "Twende."

Nyumba ya Consolata ilikuwa bado haijapata mpangaji. Kamba ilikuwa pale pale kwenye nguzo. Mwalimu Boke aliiokota, akaigeuza mkononi. Ilikuwa imesukwa kwa vipande vya leso, laini, na mwisho wake ulikuwa umeshonewa soksi ya mtoto ndani na nje, ili usikwaruze ngozi. Akaniambia nivue kiatu. Nikafikiri anatania. Akainama, na mwili wake ule, akanifunga kamba mguuni mbele ya jirani mmoja, bibi mzee aliyekuwa akiuza uji kando ya njia.

"Tembea."

"Mwalimu, watu wanaona."

"Na yule mama hawakumwona? Tembea!"

Nikatembea. Hatua kumi na tisa. Kamba ilinifikisha kwenye mkeka ndani ya nyumba. Ilinifikisha kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Ilinifikisha kwenye kivuli cha ukuta, cha asubuhi na cha mchana pia. Ilinifikisha kwenye rundo la mchanga msafi alilomtengea mtoto achezee. Nikaelekea dimbwini, na kamba ikakaza. Nilinyoosha mkono, ukingo ulikuwa mbele yangu hatua mbili. Yale maji ni ya kina cha kumzidi mtoto, na ndani yake mna zebaki ya kushikia dhahabu. Nyuma ya dimbwi, hatua chache, kulikuwa na shimo la zamani la wachimbaji, wazi, halina hata ubao.

Nilisimama pale nikiwa nimefungwa kamba mguuni, na kwa mara ya kwanza nikaelewa nilichokuwa nimekitazama. Yule mama alipima. Alikaa chini akapima kila hatua.

Yule bibi wa uji akasogea. Tulimwita Dani, yaani nyanya, kama anavyoitwa kila mwanamke wa umri wake kule. "Hiyo mtoto inapenda maji," akasema. "Ikiona maji inaenda tu, haiogopi. Mara mbili tumetoa yeye kwa dimbwi, mara ya pili alikuwa ameshakunywa maji, tumbo imejaa. Consolata alilia mpaka sauti ikapotea. Baba ya mtoto alienda zamani, na yeye asipoosha mchanga hawakuli. Sasa ungetaka afanye nini?"

Nikamuuliza amekwenda wapi.

"Wengine wanasema Macalder. Lakini huyo ni nyar Homa Bay. Msichana wa huko."

Mwalimu Boke alishika mdomo. Homa Bay mji umekaa kando ya ziwa. Mama amekimbia kwa sababu yangu, hana kamba, hana dimbwi moja la kuchunga. Ana ziwa zima, na mtoto anayefuata maji. Nilivua ile kamba mguuni. Niliomba pale pale, kwa sauti, Nyasaye, usimchukue huyu mtoto kwa ajili ya ujinga wangu.

Kwanza nilirudi kwa chifu nikafuta ripoti yangu kwa maandishi, na chifu akaniambia maneno ambayo nilistahili. Tukaanza kutafuta. Tulikwenda Macalder, tukauliza wanawake wanaochekecha mchanga mtoni, hawakumjua, au walijua wakakataa kusema. Tulikwenda soko la Rongo. Huko watu wananifahamu tangu utotoni, na bado nilipotaja jina la Consolata mama mmoja muuza nyanya aligeuka akaanza kupanga nyanya ambazo zilikuwa zimepangwa. Ndipo nikajua kwamba habari imenitangulia. Mimi ni yule mtu wa serikali anayenyang'anya watoto.

Miezi miwili ikapita hivyo. Kila niliposikia mtu amezama ziwani, niliulizia mpaka nijue ni nani.

Mwalimu Boke ndiye aliyeona njia. "Wewe unamtafuta kama polisi," akasema. "Ulimtukana hadharani. Kaombe msamaha hadharani, uone kama hatakutafuta yeye." Consolata alikuwa Mkatoliki, kwa hiyo Jumapili moja mimi, Msabato niliyeabudu jana yake, nikajikuta kwenye kiti cha mbele cha kanisa Katoliki mjini Homa Bay, sijui ni wakati gani wa kupiga magoti. Padri alikubali nisimame baada ya matangazo ya ndoa. Nikaanza kwa Kiswahili changu cha ofisini. Mwalimu Boke akanong'ona, na kunong'ona kwake kulisikika hadi kwaya: "Sema kwa lugha ya mama huyo!"

"Lakini wewe hutaelewa."

"Mimi si niliyetukanwa."

Basi nikasema kwa Dholuo. Nikasema naitwa Okeyo, nilimwita mama mmoja mnyama mbele ya majirani zake kwa sababu alimfunga mtoto kamba, na kwamba nimeitembea kamba hiyo kwa mguu wangu, hatua kumi na tisa, na inaishia kabla ya kifo hatua mbili. Nikasema sijawahi kuona mtoto aliyelindwa vizuri hivyo. Nikasema chifu hamtafuti tena, mimi ndiye ninayemtafuta, na ninachotaka ni kumwomba radhi tu. Mwanamume mzima nikalia kanisani kwa watu.

Jumatano yake tulikuwa tumekaa kwenye baraza ya duka karibu na soko la Homa Bay. Mwanamke akaja akasimama mbele yetu, amebeba beseni la nyanya. Alikuwa peke yake.

"Mama Adhiambo," nikasema, nikasimama. "Mtoto... yuko?"

Alihamishia beseni kwenye nyonga ya pili.

"Yuko mzima," akasema. "Kwani ulifikiri ni wewe unajua kumchunga?"

Nikaketi. Nikamwambia nimekosa, anisamehe. Akasema alinisikia kanisani, alikuwa nyuma, karibu na mlango, na kwamba mtoto alikuwa nje na dada yake Consolata.

"Uliniita mnyama, mwalimu. Mimi nilikuwa nakuita uone kazi yangu. Hakuna mtu alikuwa amewahi kuja kuuliza. Nikasema, leo huyu msomi amekuja, nitamwonyesha vile nimefanya, ataniambia kama ni sawa."

Hilo liliniumiza kuliko yote. Mwalimu Boke akammiminia uji. Akamuuliza lile swali lake: "Mama, akitaka maji anafanyaje?"

Consolata akaweka beseni chini, akaanza. Mtoto akitaka maji ya kunywa anashika mkono wako anaupeleka kwenye kikombe. Akitaka maji ya kuchezea anajipigapiga paja. Asubuhi usimguse kichwani. Mvua ikipiga mabati anaziba masikio, mfunike leso mbili pamoja, apate uzito, atatulia. Chapati anakula, ugali wa moto hali, ukipoa anakula. Ukibadilisha njia ya kwenda sokoni mwambie jana yake, mpeleke aione kidogo, urudi naye. Na hapa Homa Bay hakupanga nyumba ya bondeni, alikwenda juu kabisa ambako ziwa halionekani hata ukisimama kwenye kiti. Kisha akapata lingine, peke yake, bila kufundishwa.

"Niliona nikimkataza maji ndiyo anayatafuta. Sasa nampa. Asubuhi karai, jioni karai, saa ile ile, maji kidogo ya kufika hapa kwa mkono. Anacheza mpaka anamaliza. Tangu hapo hajakimbia. Kamba nyingine sikusuka."

Mwalimu Boke aliacha kunywa. Alikuwa na miaka zaidi ya ishirini kazini wakati huo. "Rudia hiyo ya karai," akasema, "polepole, Okeyo aandike."

Niliandika kurasa kumi na moja. Sijaandika ripoti nzuri kama ile tena, na haikuwa yangu. Mwishoni mwa fomu kuna mstari wa jina la mtathmini. Mwalimu Boke akanipokonya kalamu, akampa Consolata, naye akaandika jina lake lote kwa herufi kubwa, taratibu. Mimi nikaandika langu chini, mahali pa msaidizi. Mkubwa wetu mmoja aliirudisha fomu hiyo akisema ina kosa. Tukairudisha kwake vile vile, mara tatu, mpaka akachoka.

Mtaniuliza Adhiambo yuko wapi leo. Ni mwanamke mzima. Haongei, anatumia picha na mikono, na kazi yake ni kumwagilia miche ya kitalu kimoja nje kidogo ya Homa Bay. Mwenye kitalu anasema hana mfanyakazi mwingine asiyeruka mche. Mwalimu Boke alituacha miaka kadhaa iliyopita, na nilikwenda Kuria kumzika nikiwa nimevaa akala, watu wakanishangaa, sikujali. Karai la asubuhi na jioni nimewafundisha wazazi wengi kutoka Rongo hadi mpakani, na kila mara nimesema ni la nani.

Lakini siku ninayotaka mbaki nayo ni ile ya kwanza ya Adhiambo katika kitengo maalumu, darasa la watoto kama yeye. Tulikipata katika shule moja ya Homa Bay, mbali na ufuo. Consolata hakukubali maneno yetu. Aliizunguka shule yote kwa miguu, akapima tangi, akainua mfuniko wa kisima, akadai upate kufuli, tukaweka kufuli. Akadai uwazi mmoja kwenye ua uzibwe, nikauziba mwenyewe kwa miiba, mikono ikatoka damu. Kisha akamleta Adhiambo, akamwekea karai lake kivulini, maji hadi pale pale kwenye mkono. Akasimama. Miaka saba mtoto huyo hakuwahi kubaki na mtu asiye wa damu yake.

"Mwalimu," akaniambia, "nataka kwenda dukani kununua chumvi. Nakuachia dakika kumi."

Duka lilikuwa nje tu ya lango. Alikwenda bila kugeuka, na najua ilimgharimu nini kutogeuka. Niliketi chini kwenye vumbi karibu na lile karai, nikamkazia macho Adhiambo anavyochota na kumwaga, anachota na kumwaga. Mwalimu mwenzangu alinisalimia, sikumjibu. Sikupepesa macho, haki ya Mungu.

Consolata akarudi. Hakuwa na chumvi. Alimtazama mtoto, akatazama maji, akatazama suruali yangu iliyokuwa imelowa mpaka magotini.

"Kesho," akasema, "nitakuachia saa nzima."